Tulivyopeleka Kitanda Mdomo wa Ruvuma kwa Gari Lisilowaka

Niseme mapema kwamba safari hii sikuitaka. Niliifanya kwa sababu ya mzani. Jumatano jioni nilirudi nyumbani Chuno nikamkuta mke wangu, Mama Rukia, amekaa barazani na Bwana Deo, mnunuzi wa chuma chakavu. Kando yao uliegemezwa mzani wa ndoano, na Bwana Deo alikuwa akilitazama gari langu jinsi watu wanavyomtazama mbuzi siku moja kabla ya Idi. Nikajua moyoni mwake limeshachinjwa.

Gari lenyewe ni la boksi, la kubebea mizigo, lenye mlango wa kuteleza ubavuni. Siku hizi mlango hautelezi, unanyanyuliwa na watu wawili na kuegeshwa. Honi hulia likikata kona ya kushoto tu. Gia ya tatu lazima uishikilie kwa goti, la sivyo inatoka yenyewe na kukupiga kwenye kisigino. Nililinunua likiwa kuukuu tayari, miaka miwili kabla sijaoa, ndiyo maana mke wangu huliita bi mkubwa. Nalipenda gari hili, wala sioni haya kulisema. Limewabebea korosho na mihogo nusu ya watu mnaosoma hapa, na ninyi wenyewe mnajua mara ngapi mmelisukuma.

Kuna jambo moja la kujua kuhusu mke wangu. Yeye haziiti spea za gari kwa majina yake. Huziita kwa vitu alivyovikosa zilipokuwa zinanunuliwa. Klachi ni kabati, kwa sababu mwaka ule tulikuwa tumeshakubaliana kununua kabati la vyombo. Rediata ni friji. Stata ya kuwashia injini ni cherehani. Matairi ya nyuma ni bati za jikoni. Kwa hiyo tukiwa njiani, klachi ikianza kupiga kelele, yeye husema tu, "Kabati langu linalia," kisha anatazama nje.

Siku hiyo barazani hakupandisha sauti. "Baba Rukia," alisema, "dada yangu Mwanahawa anasubiri kitanda chake kule mdomo wa Ruvuma. Tukipeleke na hili gari lako. Tukienda na kurudi kabla ya magharibi ya Jumamosi bila mimi kushuka kulisukuma, sitalisema tena mpaka kufa. Lakini nikilisukuma hata mara moja, mara moja tu, Bwana Deo alichukue."

"Mimi nitakuja Jumamosi jioni na mzani wangu," Bwana Deo akasema. "Jumapili nina kanisa."

Nikakubali kwa hasira, mbele ya mgeni. Nilipoingia chumbani ndipo nikaanza kuogopa.

Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, tulipakia kitanda. Kilikuwa cha mninga, sita kwa sita, na seremala alikuwa ameshakigongelea chote, kwa hiyo kiliingia kizima na godoro lake juu na kujaza boksi lote. Mke wangu alikuja na chupa ya chai, mto, na kipepeo cha ukili. Nikamuuliza mto wa nini. Akasema, "Wewe endesha." Kwa kuwa mimi huliegesha gari kwenye mteremko kila siku, liliserereka, nikaachia klachi, likawaka. Nilimtazama mke wangu kwa majivuno. Yeye alikuwa anajimiminia chai.

Saa mbili na nusu tulikuwa Ziwani, na rediata ilikuwa inachemsha. Mvuke ulitoka mbele mpaka nikawa naendesha kwa kukumbuka barabara ilivyo. Nikasimama mbele ya banda la fundi wa baiskeli anayeitwa Fundi Bakari, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Akaitazama rediata, akaigusa, akalamba kidole.

"Inavuja," akasema.

"Hilo naliona, fundi. Utaweza kuziba?"

"Mimi ni wa baiskeli. Lakini weka unga wa muhogo."

"Unga wa muhogo kwenye rediata?"

"Unga wa muhogo unaziba kila kitu, mzee wangu. Hata njaa."

Mke wangu alichungulia dirishani. "Friji langu linawekwa unga?" Nilimwambia ni dawa ya muda. Akasema friji za wenzake huwekwa nyama. Lakini hakushuka. Alihamia nyuma kwa kupita katikati ya viti, akapanda kitandani, akaweka mto na kujinyoosha. Hapo nikaelewa mpango wake wote: aliapa kutoshuka, na alikuja na mahali pa kulala.

Injini ilipopoa tulitia vikombe viwili vya unga pamoja na maji, na nakiri mbele yenu kwamba uvujaji ulikoma. Fundi Bakari aliita vijana wakatusukuma, akakataa malipo, akasema anataka tu kusikia tutafika wapi. Kuanzia hapo gari lilinukia uji, na kila tulipopunguza mwendo karibu na nyumba za watu, kuku walitufuata.

Saa saba mchana, Madimba. Hapa gari lilizima lenyewe, bila sababu, mbele ya msikiti, sekunde ileile watu walipokuwa wanatoka swala ya Ijumaa. Stata ilipiga mara moja, tk, ikanyamaza. Nikashuka na kofia mkononi. Wale waumini hawakunisubiri nimalize salamu. Wanaume kama kumi na wawili, kanzu zao nyeupe zimepigwa pasi, walikuja nyuma ya gari na kulishika. Mzee mmoja mwenye ndevu za hina alitazama ndani kupitia kioo cha nyuma, akarudi kwangu taratibu.

"Shehe, kuna mgonjwa humu?"

"Hapana, ni mke wangu."

"Anaumwa nini?"

"Haumwi. Amepumzika."

"Mbona hashuki tukapunguza uzito?"

"Ana nadhiri," nikasema.

Mzee akaiheshimu nadhiri. Akawaambia wenzake wasukume bila kelele ili mama asisumbuke, nao wakasukuma kimya kama wanapita karibu na mtoto aliyelala. Gari likawaka. Lilipowaka lilipiga chafya moja kubwa kwa nyuma, moshi mweusi na masizi ya miaka yote, na nilipotazama kwenye kioo sikuona tena kanzu hata moja nyeupe. Kusimama nisingeweza, maana lisingewaka tena. Nikatoa mkono dirishani na kuwaomba radhi kwa kuupungapunga. Aibu niliyoisikia siku ile bado ninayo.

Alasiri tuliacha barabara nzuri na kuingia mchangani. Pwani ile ya kuelekea mdomo wa mto ni mchanga mtupu, mweupe, laini, na gari huelea badala ya kwenda. Nilipunguza upepo kwenye matairi, nikashikilia gia kwa goti, nikasoma dua zote ninazozijua. Nyuma, kitanda na mke wangu viliruka pamoja na kutua pamoja. Tulipofika uwanjani kwa shemeji Mwanahawa, gari lilikohoa mara tatu na kufa hatua mbili kutoka mlangoni. Mke wangu akashuka kwa utulivu, akajipangusa, akasema, "Limefika. Hiyo ni haki yake."

Mume wa shemeji, yaani mwanyumba wangu, anaitwa Hamisi. Ni mtu mwema, lakini hucheka kabla hajaambiwa kitu. Tulishusha kitanda, shemeji akakilalia palepale uwanjani huku analia kwa furaha, kisha mimi na Hamisi tukafungua boneti. Kabureta ilikuwa imekula mchanga wa kutosha kukandikia kibanda. Niliifungua yote, nikaiosha kwa petroli, nikaifunga. Kilichobaki kilikuwa sponji ya kuchujia hewa, ambayo niliifua kwa sabuni na kuianika. Isingekauka siku ile, na upepo wa bahari ulikuwa unarusha mchanga. Nikamwomba shemeji kitu cha kufunikia. Alikuwa na shuka la kitanda kipya, jeupe, pana, halijawahi kutandikwa. Nikalifunika gari kuanzia pua mpaka juu ya paa, na ili upepo usilifunue, nikalifunga kwa vipande vya kitambaa mahali patatu.

Hapo nilifanya kosa ambalo Myao mwenye akili zake hawezi kulifanya katika kijiji cha Wamakonde. Sisi ni Wayao wa Tunduru, na Wamakonde ni watani wetu. Mtani ana ruhusa ambayo hata ndugu hana. Msiba ukikufika, wewe unalia, yeye anacheka, anaigiza sauti ya marehemu, anaweza hata kulala ndani ya kaburi na kukataa kutoka mpaka akombolewe, nawe huruhusiwi kukasirika. Mimi nikawaachia watu hao, usiku kucha, kitu kirefu kilichofunikwa shuka jeupe, kimefungwa mahali patatu, na kimelala kuelekea kibla.

Jumamosi alfajiri, baada ya kuswali, nilirudisha sponji iliyokwisha kukauka, nikalifunika gari tena kwa sababu ya upepo, nikaingia ndani kunywa chai. Sikumaliza kikombe. Nje palisikika kilio cha wanawake wengi. Nilikurupuka nikidhani kuna mtu amekufa kweli. Uwanja ulikuwa umejaa. Kinamama wamejifunga kanga viunoni, wanaume wamekaa kwenye mikeka, chetezo cha udi kinafuka kikining'inia kwenye bampa la mbele, na mwanamke mmoja mwembamba, Bi Somoe, jirani wa shemeji, amelala kifudifudi juu ya paa la gari.

"Katutoka!" alipiga kelele. "Bi mkubwa katutoka! Wayao wamemuua kwa kazi!"

"Alikuwa mzima juzi!" mwingine akaitikia. "Alikunywa petroli vizuri!"

"Hakuwa na makuu! Hata honi yake haikulia ovyo!"

Nilimtazama Hamisi. Alikuwa amekaa chini, machozi yanamtoka kwa kucheka, ndiye aliyewaeleza kila kitu. Wakanishika mkono, wakaniketisha kwenye mkeka kama mfiwa, watu wakapanga foleni kunipa pole. Mzee mmoja aliniambia nisioe haraka. Mke wangu alipotokea mlangoni, kelele ziliongezeka mara mbili.

"Mke mwenza huyo! Muoneni alivyonenepa kwa furaha!"

"Leo nyumba yote yake!"

Mama Rukia akasimama, mikono kiunoni. Nilimwona anazuia kicheko. Ukweli ni kwamba msiba ule ulimpendeza, na mimi niliumia kidogo, kwa sababu utani ni utani, lakini yeye ndiye aliyemleta Bwana Deo.

Kisha Bi Somoe akashuka kutoka juu ya paa na kutangaza kwamba kabla ya mazishi watagawa mirathi. Watani wana haki ya vitu vya marehemu. Mzee aliyenikataza kuoa akasema atachukua usukani, afanye mlango wa zizi la mbuzi. Mwingine akachukua viti. Bi Somoe akafunua shuka upande wa pua, akaingiza mkono, akaigonga rediata kwa kucha.

"Na mimi nachukua hii. Nitachomea samaki."

"Wee!" mke wangu akafoka. "Hilo friji langu!"

Bi Somoe akamtazama, akaitazama rediata. "Friji gani lenye matobo, mama?"

"Friji langu. Nimelikosa miaka minne ili hilo liwe hapo. Toa mkono."

"Haya, basi mimi nachukua matairi ya nyuma," akasema mtu mmoja kutoka kwenye mikeka.

"Bati zangu hizo! Kaa chini!"

"Klachi?"

"Kabati! Atakayeligusa kabati langu nitamng'ata!"

Alikuwa ameshafika kwenye gari, amesimama mbele ya boneti na mikono ameitanua. Watani walishangilia, kwani mfiwa mwenye uchungu ndiye utamu wa kazi yao. Mimi nilikaa palepale kwenye mkeka. Miaka yote nilidhani anahesabu alivyonyang'anywa. Nilimwona anavyoikinga ile rediata yenye unga wa muhogo, nikajifuta macho kwa kofia, mbele za watu, kwenye msiba wa gari.

Bi Somoe akasema sawa, marehemu anaweza kukombolewa asigawanywe, lakini si bure. Mke wangu akaingia ndani, akatoka na doti ya kanga aliyokuwa amejinunulia mwezi ule, haijapindwa, akamtupia begani. Kilio kikageuka vigelegele. Lakini mazishi, wakasema, yapo palepale. Wakafunua shuka, wakaniingiza mimi kwenye usukani na mke wangu kando yangu, wakalishika gari pande zote na kuanza kulipeleka kuzikwa kwenye mteremko unaoshuka upande wa mto.

"Mfiwa naye asukume!" Bi Somoe alimgongea dirisha.

"Sisukumi," mke wangu akasema. "Nina nadhiri."

Niliposikia hivyo nikamkumbuka Bwana Deo na mzani wake. Makubaliano yalikuwa bado yapo.

Waliimba, wakasukuma, gari likapata mwendo. Watu arobaini ni nguvu ambayo stata yangu haijawahi kuwa nayo. Nilitia gia ya pili, nikaachia klachi, na maiti akanguruma. Sijawahi kuona msafara wa mazishi ukitawanyika vile. Mzee wa usukani aliingia kwenye kichaka cha mikoko mpaka magotini, viatu vikabaki njiani. Bi Somoe peke yake alikimbia pamoja nasi, kanga mpya begani, akipiga kelele, "Kafufuka! Rudisheni udi wangu!" Chetezo kilikuwa bado kinaning'inia kwenye bampa. Sikuweza kusimama kukirudisha, nadhani sababu mnaijua. Tulimuaga shemeji kwa kumpungia mkono.

Saa sita tulipita Madimba bila kusimama. Yule mzee wa ndevu za hina alikuwa barabarani na kanzu nyingine. Alipotuona alisogea mbali na barabara, akainua mkono kwa heshima. Ziwani nilipunguza mwendo ili Fundi Bakari atuone. Akapaza sauti, "Muhogo?" Nikajibu, "Muhogo!" Kuku wakatusindikiza mpaka mwisho wa nyumba.

Saa kumi na moja na nusu jioni tuliingia Chuno. Jua lilikuwa bado lipo, nami nilikuwa nimeanza kuimba. Kama mnavyojua, kabla ya kufika kwangu kuna kamlima kadogo. Katikati ya kamlima hako, hatua thelathini kutoka barazani, rediata ilimwaga uji wake wote barabarani na gari likazima. Pale barazani alikuwa amekaa Bwana Deo na mzani wake. Alituona, akasimama, akakunja mikono.

Nilishuka, nikaweka bega kwenye nguzo ya mlango, mkono mmoja kwenye usukani, nikasukuma mpaka nikaona nyota. Halikusogea hata kidogo. Nikatazama juu na chini ya barabara. Siku zote mtaa wetu umejaa watu wanaoweza kunisukuma, ila siku hiyo kulikuwa na mpira uwanjani na hapakuwa na hata mbuzi. Bwana Deo hakujisogeza, na simlaumu. Nikajua limekwisha. Nililipigapiga gari kwenye ubavu, nikaliambia pole.

Mama Rukia alikuwa amekaa akijipepea kwa kile kipepeo. Alimtazama Bwana Deo. Akautazama uji unaotiririka barabarani. Nikasikia mlango wa upande wake unafunguka kwa ule mlio wake wa kusikitisha, na miguu yake ikitua chini. Sikugeuka. Nilisikia tu gari limekuwa jepesi, likaanza kupanda, hatua moja, hatua mbili, mke wangu akihema huko nyuma na kusema peke yake, "Twende, friji. Twende, kabati." Tulipanda mpaka juu, tukaingia uwanjani kwetu, likasimama mahali pake.

Bwana Deo alikuja na mzani begani. "Mama Rukia," akasema kwa upole, "nimekuona kwa macho yangu. Umesukuma."

Mke wangu alikuwa amelala kifua juu ya mlango wa nyuma, jasho linamtiririka, masizi usoni, mikono yote miwili imelikumbatia gari.

"Nani kasukuma?" akasema. "Mimi nimechoka na safari. Nimeegemea tu."

"Umeegemea? Mbona limetembea?"

"Lina akili zake hilo. Karibu chai, Bwana Deo, huo mzani uache nje."

Hayo ndiyo niliyojifunza kwenye safari ya mdomo wa Ruvuma, pamoja na matumizi ya unga wa muhogo. Rediata bado haijapona. Kila asubuhi ninapolitoa gari kwenda sokoni, ingawa liko kwenye mteremko, mke wangu hufunga kanga kiunoni, anatoka nje, na kuja kuegemea.